Makapi ya Pipa la Tatu

Ukitaka kumwona Kipsang akigeuza uso, msifu. Mwambie, "Fundi, si wewe ndiye uliyesafisha maji ya Kalasinga?" Mtu mwingine angekohoa kidogo, akavuta kiti, akakusimulia mpaka chai ipoe. Kipsang atakuuliza kama kwenu mvua imenyesha. Watu wa kwao Rongai walidhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani, jamani! Ilikuwa ni aibu, na ilimkaa kifuani miaka sita.

Kazi aliipata mwaka wa sitini na nne katika karakana ya Joginder Singh, nyuma ya reli mjini Nakuru. Ilikuwa karakana ya kuchovya vyuma kwenye kromu: bampa za magari, mifereji ya jikoni, mikono ya baiskeli. Kitu kiliingia kimeliwa na kutu, kikatoka mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini kila kilichong'aa kilioshwa, na maji yaliyokiosha yalitoka ya manjano, makali, yakafuata mtaro, yakapita kando ya vishamba vya sukuma vya akina mama, yakateremka kuelekea ziwani. Mafundi walijua kuwa maji yale si ya mchezo. Mikono yao ilikuwa na vidonda visivyopona, na Kipsang mwenyewe alitoka damu puani karibu kila asubuhi.

Mwaka wa sitini na tisa akaja bwana afya. Alisimama juu ya mtaro akatazama, akavua kofia, akaivaa tena. "Miezi mitatu," akamwambia Joginder. "Maji haya yasafishwe, ama mlango ufungwe."

Joginder aliulizia mashine ya kusafishia. Ilitoka ng'ambo, na bei yake ingejenga karakana nyingine mbili. Siku hiyo chai ya mafundi kumi na mmoja ilipoa vikombeni.

Sasa, kwao Kipsang, watu wa mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu kabla maziwa hayajatiwa. Mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba mkaa ule unakamata ubaya wa maziwa. Kipsang akajiuliza: kama mkaa unakamata ubaya wa maziwa, utashindwa na ubaya wa maji? Akajaza debe mkaa, akatoboa matundu chini, akamimina maji ya manjano. Yalitoka yamefifia kidogo. Wenzake wakamcheka. "Haya, daktari, tuletee na kibuyu chenyewe!"

Hakukoma. Alijaribu magunzi ya mahindi yaliyopondwa, yakafanya vizuri zaidi. Alijaribu vumbi la mbao za miwati. Mwisho akajaribu makapi ya pareto, yale maua yanayobaki yakishakamuliwa dawa ya wadudu, ambayo wafugaji wote wa huko huyafuata mjini kwa magunia kulisha ng'ombe. Akajaza mapipa matatu, akayapanga kwenye ngazi ili maji ya hili yadondokee kwenye lile. Kwenye pipa la kwanza maji yaliingia ya manjano yakatoka kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. La pili yakatoka yamepauka. La tatu, wewe, yalitoka meupe kama ya mvua iliyokingwa kwa sufuria!

Joginder alikinga glasi, akainua juani, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamkumbatia Kipsang mbele ya mafundi wote, kilemba kikapinda. Bwana afya alichukua chupa zake akaenda nazo, akarudi na barua: kazi iendelee. Kipsang akafanywa msimamizi, na jina la Daktari wa Maji likamganda kuanzia hapo.

Kila aliyekuja kuona aliuliza swali lile lile: kwani makapi yanafanya nini? Na Kipsang alijibu kwa maneno yale yale, kidole juu, kifua mbele: "Yanakunywa sumu. Maji yanapita, sumu inabaki." Aliyasema mara mia, kwa mdomo wake mwenyewe. Makapi yaliyochoka yalizikwa kwenye shimo lililojengwa kwa simiti nyuma ya karakana, na ni yeye aliyesimamia kuyazika.

Sasa umjue Kiprugut. Yeye na Kipsang walitahiriwa pamoja, wakalala kibanda kimoja, wakaitana rika hadi uzeeni. Kiprugut alikuwa mtu wa boma lake na josho lake, hana makuu, hasemi sana. Sifa yake ilikuwa moja tu, nayo ilimtosha: ukimwekea ng'ombe, ng'ombe yuko salama. Kwa watu wale mtu hafugi mifugo yake yote mahali pamoja, maana ugonjwa ukiingia utamwacha na kamba mkononi. Humpa rafiki ng'ombe amtunze. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Desturi hiyo huitwa kimanagan, na haina karatasi wala sahihi, ina jina la mtu tu. Bomani kwa Kiprugut walikuwa ng'ombe tisa wa watu. Mmoja wao alikuwa Chelel, ng'ombe wa Kipsang, mwenye paji jeupe.

Na ng'ombe wa kimanagan akifa, mtunzaji humletea mwenyewe ngozi, na pamoja na ngozi, nyama. Mwenye ng'ombe akila, amesema: nimeamini, ni kifo cha Mungu. Asipokula, amesema jambo lingine.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na moja kilikuwa kibaya. Nyasi za Rongai ziliisha mpaka mizizi. Jumamosi moja Kipsang alikuja nyumbani kama kawaida yake, akawakuta wanaume wamekaa, wote wanalia njaa ya mifugo. Mmoja akasema makapi ya pareto hayapatikani tena mjini, labda umjue mtu. Kipsang akacheka.

"Makapi? Na mimi niko wapi? Kiprugut, wiki ijayo nakuletea magunia matatu."

"Kweli, rika?"

"Nani anayajua makapi kunishinda, Nakuru nzima?"

Kiburi hicho! Angesema "nitajaribu," si tungekuwa tunazungumza habari nyingine?

Ijumaa akaenda kiwanda cha pareto kutafuta. Malori ya Molo na Dundori yalikuwa yamepanga foleni tangu alfajiri, na kabla foleni haijafika katikati, mlinzi akafunga geti. Yamekwisha. Kipsang akarudi karakanani mikono mitupu, akaketi kwenye ngazi ya mapipa. Aliona uso wa Kiprugut. Aliwaona na wale wanaume wengine, na akasikia jinsi watakavyomwita Daktari wa Maneno. Akainua macho, akaliona pipa la tatu.

Akaanza kujishawishi, na akili ikitaka kukosea haikosi hoja. Pipa la kwanza lina sumu, sawa. La pili lina kidogo. Lakini la tatu linapokea maji yaliyokwisha kusafishwa, basi litakuwa limekamata nini? Aliyatoa makapi yake, yaliyokuwa mle miezi minne, akayaosha mara tatu, akayaanika juu ya mabati. Yakakauka, yakawa na rangi ile ile na harufu ile ile ya pareto. Aliweka kidogo ulimini. Yalikuwa machungu, lakini makapi gani ya pareto si machungu?

Joginder alimkuta akifunga magunia. "Hiyo inaenda wapi, Kipsang?"

"Naenda kuyazika kwetu, Bwana Singh. Shimo letu limejaa."

"Vizuri. Zika chini sana, mbali na kisima."

"Ndiyo."

Uongo huo ulitoka laini kabisa. Baadaye ndio uliomuuma kuliko mengine, kwa sababu mtu anayeamini makapi yake ni safi hana haja ya kudanganya anakoyapeleka.

Kiprugut aliyapokea magunia kama mtu aliyeletewa mgonjwa wake kutoka hospitali. Mkewe, Chepkemboi, akamkaangia Kipsang mayai. "Chelel atakula peke yake," Kiprugut akasema. "Wewe ndiye umeleta, ng'ombe wako ndiye ale. Wangu watatafuna mabua, na wa wenzangu watalishwa wanacholeta wenyewe."

"Wagawie tu, rika."

"Hapana. Cha mtu ni cha mtu."

Wiki tatu baadaye, Jumapili, Kipsang alikuwa ameketi nje ya nyumba yake na mkewe Jelagat na binti yao Zeddy, wametoka kanisani. Waliwaona Kiprugut na Chepkemboi wakipanda njia. Kiprugut alikuwa amebeba ngozi begani, na paji lile jeupe lilining'inia mgongoni mwake. Chepkemboi alikuwa na paja zima kwenye kikapu. Hawakuamkua. Kiprugut alitandika ngozi chini kwa mikono yote miwili, akabaki ameinama.

"Rika, nisamehe. Ulinipa ng'ombe, nimekuletea ngozi."

"Ameugua nini?" Kipsang aliuliza.

"Aliharisha siku nne. Hata makapi aliyoyapenda hakuyataka tena. Mdomo ukachubuka, vidonda vidonda." Kiprugut akatafuta mfano, akauona. "Kama hivi vyako vya mikononi."

Kipsang akaificha mikono yake chini ya koti.

Jelagat alikwisha kukipokea kikapu. "Poleni, jamani. Ni kazi ya Mungu," akasema, akaingia jikoni. Zeddy akamfuata akiimba, maana nyama haikuwa imeonekana nyumba ile tangu Krismasi. Sufuria ikalia, maji yakamiminwa. Na hapo Kipsang alijua hana pa kupita. Yanakunywa sumu. Maji yanapita, sumu inabaki. Na sumu imepita kutoka kwenye makapi hadi kwa Chelel, na Chelel yuko jikoni, na mtoto wake anaimba.

Angeweza kulisema. Lilikuwa jambo la maneno sita au saba. Rika, ni mimi, makapi yalikuwa mabaya. Alifungua kinywa, akaona Daktari wa Maji anavyovuliwa nguo kijiji kizima kikitazama, akakifunga.

Akainuka, akaingia jikoni, akaitoa nyama ndani ya sufuria kwa mikono, akairudisha kikapuni.

"Baba Zeddy! Umepatwa na nini?"

"Haitaliwa hapa."

Alitoka na kikapu nje, maji yakichuruzika mpaka kwenye viatu vyake vya kanisani. "Na iliyobaki kwenu," akamwambia Kiprugut, "mmeila?"

"Tungewezaje kula kabla ya mwenye ng'ombe kuonja?"

"Basi izikeni. Yote. Msimpe mtu, msimpe hata mbwa."

Kiprugut alimtazama. Alikuwa mtu wa polepole, na jambo lile lilimwingia polepole. "Kipsang, unasema nimemlisha ng'ombe wako sumu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema izikwe."

Chepkemboi akaanza kulia, si kwa sauti. Kiprugut aliinua kile kikapu, akamshika mkewe mkono, wakashuka njia. Ngozi ilibaki pale ilipotandikwa.

Kijiji hakihitaji kuelezwa mara mbili. Kufikia siku ya josho kila mtu alikuwa amejua kuwa Kipsang alikataa nyama. Na hesabu ilikuwa rahisi mno: ng'ombe wa Kiprugut mwenyewe wako wima, aliyekufa ni wa mtu. Wangejuaje kwamba wake walipona kwa sababu mwenyewe alikataa kuwagawia chakula cha Chelel? Uaminifu wake ndio uliomtia kitanzi. Mmoja akaja kumchukua ng'ombe wake, akidai binti yake anaolewa. Wa pili akasema amepata malisho. Wa tatu hakusema kitu. Kabla ya mwezi kwisha, boma la Kiprugut lilikuwa limebaki na ng'ombe wake wanne tu, na hakuna aliyemletea mwingine.

Kisha Kiprugut akafanya jambo ambalo Kipsang hakulitarajia. Alipanda tena ile njia, akiongoza mtamba, bora kuliko wote aliokuwa nao. "Sikumuua Chelel," akasema. "Lakini alifia mikononi mwangu. Chukua huyu, jina langu lisafike."

Unajua Kipsang alifanya nini? Alimpokea. Alishika kamba! Kumkataa kungehitaji maelezo, na maelezo hakuwa nayo ila lile moja. Kiprugut akarudi akiwa maskini zaidi, na jina halikusafika, maana watu walisema: asiye na kosa analipa nini?

Mtamba yule alizaa, akazaa tena. Zeddy alikua kwa maziwa yake. Kipsang aliyanywa pia, na hakuna asubuhi aliyoyanywa bila kuwaza yametoka wapi. Ngozi ya Chelel aliikunja akaisukuma chini ya kitanda. Jelagat alipotaka kuitandika sebuleni, alimfokea kiasi kwamba mwanamke yule hakuitaja tena. Kiprugut akikutana naye joshoni, alimsalimu kwanza. Kila mara. Hilo nalo, mtu angeweza kufa kwa hilo tu.

Mwaka wa sabini na saba Manjit, binti wa Joginder, alirudi kutoka masomoni, alikosomea kemia. Alitaka kuyaandika yale mapipa yajulikane mbali. Akakaa siku nzima na Kipsang, akapima, akachora, akamwita Mzee kwa heshima zote. Jioni akauliza, "Mzee, haya makapi yakishachoka, mnayazika yote? Nauliza kwa sababu huku ng'ombe wanakula makapi. Mtu akikosea, akachukua haya..."

Joginder akacheka. "Nani atakosea? Mjinga gani? Kipsang ndiye aliyenifundisha mimi kuyazika."

Manjit akaandika: yote huzikwa. Kipsang alitazama kalamu ikiandika. Aliomba ruhusa ya siku tatu. Hakulala mjini siku ile, alipanda gari la Rongai.

Kesho yake alikwenda kwa Kiprugut na ngozi begani. Akaitandika chini, akainama kama mwenzake alivyoinama, akasema yote: foleni, pipa la tatu, mabati, uongo aliomwambia Joginder, nyama. Chepkemboi alisimama mlangoni akisikiliza. Kiprugut alipapasa lile paji jeupe kwa kidole cha mguu.

"Siku ile tulizika nyama kama ulivyosema," akasema mwishowe. "Mama huyu aliniambia, 'Kipsang anajua kitu.' Nikagombana naye. Nikamwambia, 'Rika wangu angejua kitu, angeniambia.'"

Kipsang alilia. Kiprugut hakumzuia, wala hakumkaribisha kuketi.

"Mimi sikuua, na nilijua hivyo miaka yote," akasema. "Kuniambia mimi ni kujipumzisha. Alhamisi ni siku ya josho. Wako wote pale."

Alhamisi Kipsang alipeleka joshoni, kumrudishia Kiprugut, yule mtamba, sasa ng'ombe mzima, na uzao wake wote wanne. Akapanda juu ya ukuta wa josho, wanaume wote wakimtazama, akayasema tena kwa sauti. Alipofika kwenye nyama, mzee mmoja alitema mate chini, akaondoka. Hakuna aliyemtukana. Angependa wamtukane. Kabla ng'ombe wa mwisho hajatoka majini, mtu mmoja, yule yule wa tatu ambaye hakusema kitu miaka sita iliyopita, alimsukumia Kiprugut fahali wake na jike lake, akasema, "Nitunzie hawa."

Jumamosi iliyofuata Kiprugut alichinja dume mmoja wa wale wanne, akaita watu wote. Kipsang naye aliitwa. Alikwenda na mkewe na Zeddy, akakaa nyuma kabisa, karibu na ua. Nyama ilipoiva, Kiprugut alikata kipande cha paja kwa kisu chake, akavuka uwanja mzima nacho mkononi, akasimama mbele yake.

"Nyama hii imetoka bomani kwangu," akasema, si kwa hasira. "Utakula, ama tuichimbie shimo?"

Watu waliacha kutafuna. Kipsang aliipokea kwa mikono miwili, ile yenye vidonda, hakuificha tena. Akala. Machozi yalimwagika yakaingia na nyama mdomoni, akameza vyote. Kipande kikaisha, akakatiwa kingine, akala na hicho, na hakuna hata mmoja aliyemwambia imetosha.